Daktari na Pua za Punda

Hakuwa daktari, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukuambia hivyo. Alikuwa afisa wa mifugo wa ngazi ya chini, yule wa kuzunguka na sanduku la chanjo kwa pikipiki ya serikali, na pikipiki ilipoharibika akaendelea kwa miguu. Lakini huku kwetu mtu akimdunga ng'ombe wako sindano na ng'ombe akasimama, huyo ni daktari mpaka afe, na ukimwita kwa jina lake watu watakuuliza unamsema nani. Nilipoanza kumfahamu vizuri alikuwa ameshastaafu. Mimi nilikuwa nimefungua saiba pale Matiliku, chumba kimoja chenye kompyuta tatu na printa iliyofanya kazi siku ikijisikia, na yeye akawa mteja wangu wa kudumu. Niseme mapema kwamba aliniudhi kuliko mteja mwingine yeyote, na kwamba ninamshukuru kuliko mtu mwingine yeyote nje ya nyumba yetu.

Alikuja na karatasi zilizochanwa kutoka daftari la shule, zimeandikwa pande zote mbili kwa herufi za kulala, akaziweka mbele yangu na kusema, "Mwaitu, hii nataka ikae kama sheria." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na wazee wetu humwita hivyo hata msichana wanayemheshimu. Nikamuuliza sheria hukaaje. Akasema inakaa na namba pembeni. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Alitaka kitu kimoja maishani, na hakukificha kwa mtu: sheria ya kaunti ya kumlinda punda. Nchi ilikuwa na sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na aliijua kifungu kwa kifungu, lakini alisema hiyo imekaa mbali sana na mto tunakoteka maji. Yeye alitaka ya hapa, inayotaja mzigo, tandiko, maji, kupumzika, fimbo na pua. Hasa pua. Kuna watu huku wanaoamini kwamba punda akipasuliwa tundu za pua hupumua vizuri akipanda mlima na mzigo. Wanamlaza chini, wanamkalia, wanachana kila tundu kuelekea juu kwa kisu au wembe. Wanafanya kwa nia njema kabisa, tena wengine kwa huruma, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuwaachisha. Mtu anayemtesa mnyama kwa hasira unaweza kumwaibisha, lakini anayemuumiza akidhani anamsaidia utamwambia nini?

Kifungu hicho cha pua nilikipiga chapa mara nyingi kuliko barua yoyote ya kuomba kazi. Kila alipoambiwa na mtu jambo jipya alirudi, tukabomoa, tukajenga. Siku moja aliniambia nifute neno "ukatili" kila mahali. Nikamwambia sheria zote zina neno hilo. Akasema, "Mtu wa hapa akisikia mkatili, anafikiria jirani. Weka 'kumuumiza'. Hapo kila mtu anajijua." Nilifuta, nikinung'unika, na baadaye nikaona alikuwa amesema kweli. Nilijifunza kuandika kwa mzee huyu. Barua ninazowaandikia watu leo, za chifu, za shule, za shamba, zinaeleweka kwa sababu yeye alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu na kuuliza, "Nyanya yako akisomewa hii, atajua afanye nini kesho?"

Kumbe sijasema alifananaje. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na alivaa koti la mvua la kijani hata mwezi wa kiangazi, kwa sababu lilikuwa na mifuko minane. Ndani ya mfuko mmoja kulikuwa na mizani ya ndoano, ile ya kupimia mahindi.

Mizani hiyo ilikuwa na kazi yake. Mto wetu ni wa mchanga. Maji yako chini, watu wanachimba visima mchangani na kuteka, na asubuhi punda husimama pale kwa foleni kama watu wa hospitalini. Daktari alifika, akachukua mtungi wa mtu, akauning'iniza.

"Hii ni kilo ngapi?"

"Ni mtungi tu, Daktari."

"Ni kilo ishirini. Umebebesha sita. Sita mara ishirini?"

"Mia na ishirini."

"Na wewe uko kilo ngapi?"

"Sijui. Kama sabini hivi."

"Basi hii punda imekubeba wewe na ndugu yako mdogo, na mnapanda mlima mkiongea."

Watu walicheka. Yeye hakuwa mtu wa kucheka akiwa kazini. Lakini nakumbuka siku ambayo muuza maji mmoja, mtu mrefu mwenye punda wawili, alimjibu vizuri. Alimuuliza, "Nikitoa mbili, hizo mbili zitaletwa na nani? Wewe?" Daktari akarudisha mizani mfukoni. Kisha akainama, akafunga kamba kwenye mtungi, akaipitisha kichwani kama wanavyofanya akina mama, akaubeba mgongoni kupanda ule mlima wote. Wanawake walipiga vigelegele na kumwita bibi arusi. Alifika juu ameloa jasho, akautua, akasema, "Jibu sina. Nina hesabu tu." Jioni alikuja saiba akitembea kwa upande, tukaandika kifungu cha mitungi minne na safari mbili, na pembeni akaniambia niongeze kwamba kaunti ichimbe visima karibu na watu. Nikamwambia hiyo si habari ya punda. Akaniuliza kama nimewahi kuona punda akienda mtoni kwa hiari yake.

Nikisema alimpenda punda, msimfikirie mtu mpole. Kwa wanyama alikuwa na sauti ya chini, ya kubembeleza, lakini binadamu aliwapigia kelele. Alimwita mwenyekiti wa soko kichwa cha boga mbele ya wateja wake. Kanisani mchungaji alimpa dakika tano wakati wa matangazo, akachukua ishirini, na alipokatizwa akaketi akinuna mpaka wimbo wa mwisho. Tena alikula nyama. Siku ya soko alikaa kwenye kibanda cha kuchoma, na mbavu za mbuzi na chumvi pembeni, akala kwa furaha ambayo ilinifanya nimuulize kama haoni haya. Akafuta mdomo. "Huyu mbuzi aliishi vizuri? Alikufa haraka? Basi sogeza chumvi."

Na aliogopa mbwa. Simtanii. Mbwa wa mama yangu, mzee asiye na meno ya kutosha, alimfanya Daktari asimame barabarani na kupiga simu ili mbwa afungwe kwanza ndipo aingie. Alikuwa ameumwa zamani akichanja mbwa dhidi ya kichaa, na hakuwahi kusahau. Nilimkumbusha kwamba rasimu yake inamlinda mbwa pia. "Inamlinda," akasema. "Sasa mimi nani ananilinda?"

Shuleni alikuwa mtu mwingine. Hakuwatisha watoto. Aliwafundisha kuingiza kiganja chini ya tandiko kila asubuhi, lakini kwanza aliwabebesha wao wenyewe begi lenye mawe bila kitambaa mgongoni, ili wajue panapouma. Aliwaonyesha jinsi ya kujaza gunia nyasi na kulishona likawa tandiko. Aliwaambia kuku ana kichwa, na kichwa hakikuwekwa juu kwa bahati mbaya, kwa hiyo wasimbebe miguu juu kwenda naye sokoni. Baada ya wiki moja mzazi mmoja aliingia saiba yangu akiwa na kuku wawili kwapani, amewakumbatia, uso umekunjamana. "Mwambie Daktari mtoto wangu ananiangalia vibaya," akasema. Nami nilikuwa na kuku wangu nyumbani ambaye jana yake alikuwa amefika akining'inia kwenye boda, kwa hiyo sikucheka sana.

Kuna jambo lililomfundisha kwamba sheria peke yake haitoshi, naye hakuona vibaya kulisimulia, ingawa lilimdhalilisha. Zamani, kabla hatujafahamiana, alimkuta mtu akimpiga punda kwa nondo. Alimshtaki kwa ile sheria ya nchi, kesi ikaenda, mtu akatozwa faini. Daktari alirudi nyumbani akijisikia shujaa. Yule mtu naye alirudi nyumbani, akamtoa punda zizini, akampiga kwa sababu ya faini. "Nilimshinda kotini," Daktari aliniambia, "na punda akalipa." Tangu siku hiyo hakupeleka mtu mahakamani kabla hajakaa naye mara tatu. Alisema sheria isiyosomwa kanisani, sokoni na shuleni ni ya watu wanaoijua tayari. Kila rasimu tuliyomaliza aliitolea nakala za Kiswahili, akazibandika kwenye mlango wa posho mill, kinu cha kusaga unga, mahali ambapo mtu anasubiri na hana kingine cha kusoma.

Alinipeleka Kitui mara moja, kwa mchinjaji mmoja mzee wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani miaka mingi iliyopita. Walikuwa wamejuana tangu Daktari akikagua nyama huko. Bucha yake ilikuwa nyuma ya soko, imeoshwa mpaka sakafu inang'aa. Daktari alitaka kujua anavyofanya kazi, na mzee akaeleza bila haraka, kwa Kiswahili kilichonifanya nikae wima.

"Kisu hakinolewi mbele ya mnyama, ndugu yangu. Wala hachinjwi mwenziwe naye akitazama. Unampa maji kwanza. Unamlaza kwa upole. Kisu kiwe kikali, usimsumbue."

"Hiyo iko kwa sheria gani?" Daktari akauliza, kalamu mkononi.

"Iko kwa dini yangu."

"Na hakuna mtu anakuangalia?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Yupo anayeniangalia," akasema.

Njia nzima ya kurudi Daktari alikuwa akiandika juu ya goti, nami nilijua hiyo ni hali ya hatari. Kesho yake alikuja na ukurasa mzima. Alisema amekuwa akifikiri yeye ndiye anawaletea watu jambo jipya, kumbe wengine walikuwa nalo muda wote na yeye hakuwahi kuuliza. Kuanzia hapo kila rasimu ilitumwa kwanza kwa mchinjaji wa Kitui, naye aliirudisha ikiwa imesahihishwa Kiswahili chote kwa wino mwekundu. Daktari alilalamika kwamba mtu hawezi kusema "punda yangu" kwa amani siku hizi.

Hatimaye rasimu yetu, au tuseme kitu kilichofanana nayo baada ya mawakili kuivua na kuivisha tena, ikawa mswada. Kamati ya bunge la kaunti ikaja kukusanya maoni ya wananchi, na kwa upande wetu kikao kilikuwa Nunguni. Daktari hakulala, najua, kwa sababu alinipigia simu alfajiri kuniuliza kama nimeamka. Alitaka ukumbi ujae watu wa kuunga mkono. Kila mtu alete mtu. Mimi nilimleta mama yangu.

Nunguni ni milimani, kuna baridi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, na watu wa kwetu wa chini walikaa kwenye benchi wakitetemeka huku wenyeji wakiwatazama kwa kuwaonea huruma. Wajumbe wa kamati walikuwa mbele, nyuma ya meza. Daktari alizungumza vizuri, kwa dakika zake alizopewa, nikashangaa. Yule muuza maji mrefu akasema mitungi minne ni kumnyima mtu chakula. Wengine wakapiga makofi. Mwalimu mmoja akaunga mkono. Mambo yalikuwa nusu kwa nusu. Ndipo mama yangu akanyoosha mkono, nami nikafurahi, nikadhani amekuja kutuokoa.

Alisimama, akajifunga leso vizuri. "Mimi ni mama ya huyu wa saiba. Hii sheria mimi sikatai. Ni mzuri. Lakini nataka kuuliza Daktari kitu moja, kwa sababu amesema mambo ya mapua. Ile punda yetu ya kijivu, wakati baba ya watoto alikuwa hai. Si ni wewe uliipasua?"

Nilimtazama Daktari nikitarajia acheke, aseme mama amechanganya watu. Nilimkumbuka yule punda. Nilikuwa mdogo. Alikuwa akipiga mluzi akipumua, na sisi watoto tulijua maji yamefika kwa kuusikia kabla hatujamwona. Vidonda vyake havikufunga vizuri, nzi walikuwa pale daima, na wakati wa vumbi alikohoa kama mtu. Nilikua nikidhani punda wote hupiga mluzi.

"Ni mimi," Daktari akasema.

Muuza maji aliruka kutoka kwenye benchi. "Mnaona sasa! Yeye mwenyewe ndiye alitufundisha, halafu leo anataka tufungwe!"

Watu wakaanza kupiga kelele. Mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, akawatuliza na kumuuliza Daktari kama anataka kujibu au anataka kuondoa pendekezo lake la pua. Nilimwona Daktari akishika ukingo wa meza. Nilidhani yamekwisha. Kazi yote ya miaka ile niliiona ikitoka mlangoni na kupotea kwenye ukungu.

"Siondoi," akasema. "Nilikuwa kijana, nimetoka chuo juzi. Wazee wakaanza kuniita daktari. Baba ya huyu msichana akaniambia, wewe una kisu safi kuliko wembe yetu, tusaidie. Na mimi nilijua haisaidii. Chuoni hatukufundishwa hiyo. Nilijua, lakini nilitaka wanipende. Nikapasua. Halafu ya jirani. Halafu ya jirani yake. Watu wakasema, si hata serikali inapasua? Msiniulize ni ngapi. Sikuhesabu."

Muuza maji akaketi, na Daktari akaendelea.

"Mnauliza sheria ni ya nini. Ni ya mtu kama mimi. Siku ile, kama kungekuwa na karatasi ya hapa, imesomwa hapa, kila mtu ameisikia, ningemwambia yule mzee, siwezi, sheria imekataa. Angekasirikia sheria, si mimi. Ningepata pahali pa kusimama. Sikuwa nayo. Sasa mimi nimezeeka, lakini kuna kijana mahali ako na kisu na hawezi kumkatalia baba ya mtu. Huyo ndiye namtafutia."

Akakaa. Mwenyekiti wa kamati aliandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa.

Tukirudi, mama alikuwa akitafuna njugu kwa utulivu. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia. "Hukuwahi kuuliza," akasema. "Tena wakati ule tulishukuru sana. Baba yako alimpa jogoo." Sikujua nimkasirikie nani, basi nikamkasirikia Daktari.

Nilikasirika kweli. Kwa zaidi ya wiki mbili sikushika simu yake. Haikuwa kwa sababu ya kosa lenyewe, maana nani hana lake. Ni kwamba nilikaa na mtu huyu mezani miaka yote ile, nikipiga chapa neno "pua" mpaka herufi zikafutika kwenye kibodi, na yeye anajua, na anajua mimi ni mtoto wa nani. Nilijiona mjinga. Siku moja akaja, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Kwetu kuna saiba mbili," akasema. "Ziko karibu. Hujawahi kujiuliza kwa nini natembea mpaka hapa?"

Nikasema nilidhani kwangu ni bei rahisi.

"Kila nikija nilikuwa nakuja kukuambia. Halafu unaniuliza leo tunaandika nini, na tunaanza kazi. Na kazi ni tamu kuliko kuambia mtu ukweli. Mama yako amenisaidia. Mwambie ni muvea."

Muvea ni shukrani. Nikamwambia aingie, kuna vumbi. Aliingia, na kabla sijamsamehe rasmi alikuwa ameshaniambia kwamba kwenye kifungu cha tandiko kuna koma imepotea.

Mswada ulipita, ingawa si wote. Habari ya mitungi iliachwa kwa kanuni zitakazotungwa baadaye, na Daktari alitukana kwa siku tatu. Lakini pua ilipita, na fimbo, na tandiko, na maji ya kunywa. Nilichapisha nakala nyingi bila malipo, jambo ambalo printa yangu haijapona mpaka leo, na zikasomwa makanisani, msikitini Kitui mzee mchinjaji akazieleza kwa wenzake ingawa haikuwa sheria ya kaunti yao, na kwenye posho mill zikabandikwa juu ya zile za zamani. Daktari mwenyewe alikuwa ameanza kupoteza macho. Alishika nakala yake karibu kabisa na uso, akaigeuza, akauliza kama ina namba pembeni. Nikamwambia inazo.

Macho yalipokwisha, bintiye alimchukua akae naye Malili, nyumba iliyo nyuma kidogo ya barabara kuu. Nilikwenda kumwona mwaka jana. Alikuwa amekonda ndani ya lile koti, ameketi kivulini kwenye kiti cha plastiki, na tukaongea mambo ya kawaida: kanuni za mitungi ambazo bado hazijatungwa, mama yangu, mbwa wa mama yangu ambaye alikuwa amekufa, na Daktari akasema pole kwa sauti isiyo na uzito wowote. Aliniuliza kama watu wanaifuata sheria. Nilitaka kumpa jibu la kumfurahisha. Nikasema wengine. Akasema, "Wengine ni wangapi?" Sikujua, nikamwambia sijui. Aliinamisha kichwa, na niliona kwamba hilo ndilo lilikuwa likimsumbua alipokuwa peke yake pale kivulini. Alikuwa amemaliza maisha yake juu ya karatasi, na hangeweza tena kwenda mtoni kuona kama karatasi ilifanya kitu.

Tukasikia kwato. Jirani, mama mwenye kitambaa cha kichwa cha manjano, alikuwa akileta maji kwa binti wa Daktari. Punda alikuwa mchanga, wa kahawia.

"Mwambie asimame," Daktari akaniambia.

"Daktari, nimebeba nne!" yule mama akapiga kelele kabla sijafungua mdomo. "Njoo uhesabu!"

"Sitaki kuhesabu."

Aliinuka, akanishika bega, tukaenda. Aliweka mkono kwenye paji la punda, akaushusha polepole usoni, akazunguka tundu moja ya pua kwa kidole, kisha ya pili. Alirudia ya kwanza. Punda alimpumulia kiganjani, akamwacha.

"Hii iko na miaka mingapi?"

"Inaingia ya nne. Imezaliwa kwangu."

"Na hamkuipasua."

"Mzee wangu alitaka, ilipoanza kubeba. Alikuwa amenoa wembe na ameita ndugu yake wa kuishika. Nikamwambia hapana, sheria imekataa. Tulisomewa kanisani."

Mkono wa Daktari ulibaki pale pale. Mimi nilikuwa nikilia, na sikujaribu kuficha, kwa kuwa mmoja hakuniona na mwingine alikuwa akifungua kamba za mitungi.

"Na yeye akasema nini?" Daktari akauliza.

"Aseme nini? Aliweka wembe kwa mfuko, akaenda kukula."

Daktari akamwomba arudie. Yule mama akanitazama kama anayeuliza kama mzee yuko sawa, nami nikamwonyesha kwa kichwa aendelee. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikia. Daktari akamwomba arudie mara ya tatu.